Natafuta Chuma Kizima

Juzi nilimtembelea mzee mmoja wa huku Adumi, West Nile ya Uganda, upande wa kuelekea mpaka wa Congo. Nilimkuta chini ya mwembe, nusu ya mwili imo ndani ya kichwa cha pikapu yake ya zamani, miguu tu ndiyo inaonekana. Viti vilikuwa vimetolewa na kuwekwa nyasini, na kuku mmoja alishajichagulia chake. Nikapiga hodi. Akajibu bila kutoka: "Karibu, Mchungaji. Njoo uone dhambi zilizofunikwa zulia."

Ukilitazama gari lile kwa mbali, utasema ni zima. Liliwahi kupigwa rangi ya buluu, na buluu hiyo bado inang'aa. Lakini mpira wa kioo cha mbele ulichanika pembeni, na kila mvua iliponyesha maji yaliteremka kimya hadi sakafuni, yakalala chini ya zulia. Mzee akachukua bisibisi, akaigusa sakafu pale dereva anapoweka kisigino. Hakutumia nguvu. Ncha ikapita, akaichomoa, nikaona nyasi kupitia tundu.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana huisukuma rangi ikatoka malengelenge. Fundi aliyepaka ile buluu aliyaona, akayasugua juu juu, akapaka. Nisimcheke. Nami nimewahi kumwambia mtu "yameisha, ndugu yangu," huku moyoni nikiwa sijagusa hata zulia. Je, wewe?

Aliyeuchana ule mpira ni mdogo wake mzee, wa tumbo moja. Aliazima gari kupeleka mihogo sokoni, akalirudisha usiku, hakusema neno. Tangu hapo ni miaka. Wakikutana msibani hupeana mkono kwa sababu watu wanatazama.

Nilidhani mzee atakata pale penye tundu tu, aweke kiraka. Badala yake alishika nyundo ndogo, akawa anagonga bati kidogo kidogo huku ameinamisha sikio. Bati lililooza hutoa sauti butu, kama kugonga boksi. Lililo zima hulia. Aligonga kutoka kwenye tundu kwenda nje, kiganja kimoja, viwili, mpaka bati likalia, na hapo ndipo alipochora mstari kwa chaki. "Kiraka hakishiki kwenye kutu," akaniambia. "Ukichomelea hapo moto unatoboa tu, tundu linazidi. Natafuta chuma kizima."

Kazi hiyo na Kiswahili alivipata pamoja, ukimbizini Zaire, ndiyo Congo ya leo, miaka ile baada ya 1980 watu wa West Nile walipovuka mpaka kwa maelfu. Nikamuuliza walivukaje. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema mama yao alikuwa mgonjwa, na aliyembeba mgongoni njia nzima ni mdogo wake.

Mpendwa, mtu akitukosea sisi hulipima tundu. Tunajua upana wake, siku lilipotoboka, na nani alikuwepo. Mara ngapi tunagonga kwenda nje zaidi, tukisikiliza kama pako mahali panapolia bado? Kusamehe si kusema tundu halipo. Mzee alikata kilichooza chote, na cheche zikaruka kweli. Tena yako magari ambayo ukigonga kote hupati pa kuchomelea, na simwambii mtu arudi kwa anayemwumiza. Lakini kwa ndugu wengi, ukiwa na subira, chuma kipo.

Hapo namkumbuka Askofu Festo Kivengere, aliyekimbia Uganda mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Mwaka huo huo alitoa kitabu kidogo ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Wengi walishtuka, na huku kwetu, karibu na Koboko ambako Amin anahesabiwa mtu wa nyumbani, jina la kitabu hicho bado linamfanya msomaji asite. Kivengere hakuyafunika mauaji, aliyaeleza. Ila aliona kwamba uchungu aliokuwa ameubeba ulikuwa unamla yeye.

Jambo moja zaidi nililijifunza pale chini ya mwembe. Jua lilipokuwa linashuka, mzee alikuwa ameshasugua ukingo wote kwa brashi ya waya, kisha msasa, mpaka chuma kikawa cheupe. Nikasema, "Basi, rangi kesho." Akatikisa kichwa. Chuma kilichovuliwa hivyo, msimu huu wa mvua, ukikiacha wazi usiku mmoja asubuhi unakikuta na wekundu. Akafungua kopo, akapaka rangi ya chini jioni ile ile, kwa taa ya simu. Nikakumbuka Paulo alivyowaandikia Waefeso kuhusu hasira na kuchwa kwa jua. Moyo uliofunguliwa leo unahitaji neno jema leo, hata likiwa fupi.

Jana nilipita tena. Mlango wa kushoto bado haujaguswa, na mpira mpya wa kioo haujapatikana. Bati la sakafu lilikuwa linachomelewa, na mtu mwingine alikuwa amelala chini ya gari, amelishikilia kwa koleo. Hawakuwa wakizungumza, ila mzee alikuwa akisema mara kwa mara, "Inua kidogo. Hapo hapo. Shika."