Aliyeitwa Aambiwe

Wazee walinena: mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Lakini mbiu haisemi ni jambo gani. Je, aliyewaita watu amekwisha kutimiza wajibu wake wakiisha kukusanyika?

Huku Upare twaijua kazi ya msaragambo, watu wote wakitoka kuzibua mifereji na kutengeneza ndiva, yaani birika la maji ya mashamba. Siku moja tuliitika wengi. Wasimamizi wakasemezana wao kwa wao huko mbele. Sisi wa nyuma tukasimama na majembe mabegani hata jua likawa kali. Wengine wakachimba palipokwisha kuchimbwa. Wengine wakarudi nyumbani, wakaitwa wavivu. Mimi naona hawakuwa wavivu, ila hawakuambiwa neno.

Kumwita mtu na kutomwambia neno ni kumfanya kama jembe lake, maana jembe halina haja ya kujua linalima nini.

Katika Injili ya Marko, wanaume 5,000 walipolishwa, kwanza waliketishwa safu safu, mia mia na hamsini hamsini. Hivyo wa mwisho alifikiwa kama wa kwanza.

Basi, ndugu msomaji, ukiwaita watu, wagawe makundi, na kila kundi lijue kazi yake, mahali pake na saa ya kumaliza. Kisha nenda nyuma kabisa, ukamwulize mama mzee aliyesimama mwisho: umesikia nini? Jibu lake ndilo kipimo cha uongozi wako.