Mganga Mgonjwa na Dawa Yake

Wazee walisema kwamba mganga hajigangi. Methali hii hutumiwa kwa kawaida juu ya mtu awezaye kuwafaa wengine asiweze kujifaa mwenyewe. Lakini ndani yake limo swali gumu zaidi. Ikiwa mganga atuleteaye dawa yu mgonjwa wa maradhi yale yale anayodai kuyaponya, je, tuitupe dawa pamoja naye? Au tuitwae dawa, na yeye pia tumshurutishe ainywe? Swali hili si la waganga peke yao. Linamhusu kila mtu asemaye neno jema na kutenda kinyume chake, na ni mataifa machache yaliyolijibu kwa gharama kubwa kama Marekani.

Tarehe 4 Julai, mwaka 1776, katika mji wa Philadelphia, wajumbe wa makoloni 13 yaliyokuwa chini ya Uingereza walipitisha Tangazo la Uhuru. Waliuambia ulimwengu kwamba wanadamu wote wameumbwa sawa, na kwamba Muumba amewapa haki zisizoweza kuondolewa, uhai na uhuru zikiwa miongoni mwazo. Aliyeshika kalamu kuyaandika maneno hayo alikuwa Thomas Jefferson. Bwana huyu, katika maisha yake yote, alimiliki watumwa zaidi ya 600. Walilima mashamba yake, walipika chakula chake, na watoto wao walizaliwa wakiwa mali yake.

Miaka 11 baadaye, mwaka 1787, Katiba ya nchi hiyo iliandikwa. Neno mtumwa halikutajwa humo, kama kwamba waandishi walilionea haya, lakini utumwa wenyewe ulipewa ulinzi. Katika kuhesabu watu ili kila jimbo lipate wabunge wake, watumwa watano walihesabiwa kuwa watu watatu. Mtumwa aliyetorokea jimbo jingine alipasa kurudishwa kwa bwana wake. Tena Bunge lilizuiwa kuipiga marufuku biashara ya kuingiza watumwa kutoka ng'ambo mpaka ufike mwaka 1808. Hivyo ndivyo taifa lilivyozaliwa na neno la uhuru kinywani na mnyororo mkononi.

Miongoni mwa watu walioiona aibu hiyo walikuwamo wawili ambao inafaa kuwapima pamoja. Wa kwanza ni William Lloyd Garrison, mzungu aliyekuwa na gazeti la kupinga utumwa tangu mwaka 1831. Garrison alilipenda Tangazo la mwaka 1776, lakini aliona kwamba Katiba imelisaliti. Tarehe 4 Julai, mwaka 1854, mbele ya umati wa watu huko Framingham, katika jimbo la Massachusetts, aliichoma moto nakala ya Katiba hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba mapatano yaliyofanywa na dhuluma hayastahili heshima ya mtu mwema. Tusimcheke. Moyo usiochukizwa na unafiki ni moyo uliokwisha kufa.

Wa pili ni Frederick Douglass. Huyu alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, akajifunza kusoma kwa siri, na mwaka 1838 akatoroka. Kwa miaka kadhaa alikuwa mfuasi wa Garrison, lakini mwaka 1851 alitangaza kwamba amebadili mawazo. Tarehe 5 Julai, mwaka 1852, katika mji wa Rochester, aliwauliza wasikilizaji wake sikukuu yao ya uhuru ina maana gani kwa mtumwa, akawaambia pasipo kuuma maneno kwamba kwake ni dhihaka tupu. Hata hivyo, katika hotuba hiyo hiyo, alishikilia kwamba Katiba ikisomwa sawasawa ni hati ya uhuru, si ya utumwa. Hakuwasamehe waandishi wake, wala hakukubali kuwaachia maandishi yao.

Mwenye haki kati ya hao wawili ni nani? Jibu moja lilitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu juu ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake kwa njia ya sheria. Jaji Mkuu, Roger Taney, alisema kwamba watu weusi si raia wala hawawezi kuwa raia. Kadhalika alisema kwamba maneno ya mwaka 1776 hayakukusudiwa wao, maana walioyatia sahihi walikuwa na watumwa, na haiwezekani kwamba watu wenye heshima walisema jambo na kutenda kinyume chake.

Itazame hoja hiyo kwa makini, ewe msomaji kijana. Mtetezi wa dhuluma alilipima neno kwa matendo ya wasemaji, na kwa kipimo hicho akalifanya neno liwe dogo kama wao. Kumbe ajapo mtu mwema na kipimo hicho hicho, akasema kwamba neno halifai kwa kuwa wasemaji walikuwa wanafiki, humfanyia mdhalimu kazi yake bila ya kujua. Ahadi ni deni. Achomaye hati ya deni kwa kumchukia mdeni humpunguzia nani mzigo, kama si mdeni?

Lakini tusidanganyike kwamba neno jema hujilipa lenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya mwaka 1861 hadi 1865, viliua askari zaidi ya 600,000. Tarehe 1 Januari, mwaka 1863, Rais Abraham Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa katika sehemu zilizoasi. Watu weusi wapatao 180,000 walivaa sare wakapigania uhuru huo, na mwisho wa mwaka 1865 Katiba ilibadilishwa na utumwa ukakomeshwa nchini kote. Watu karibu milioni 4 wakawa huru. Lakini baada ya mwaka 1877 ahadi ilivunjwa tena katika majimbo ya kusini, na mwaka 1896 Mahakama Kuu ikahalalisha ubaguzi. Ilibidi deni lidaiwe upya. Mwaka 1954 mwanasheria mweusi, Thurgood Marshall, aliishinda mahakamani sheria ya kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao. Tarehe 28 Agosti, mwaka 1963, Martin Luther King aliuambia umati wa watu wapatao 250,000 mjini Washington kwamba waasisi walitia sahihi hati ya deni, nao wamekuja kudai malipo. Sheria za haki zikafuata mwaka 1964 na 1965. Waliokufa utumwani kabla ya siku hizo hawakulipwa kitu, na hakuna ufasaha wa Jefferson uwezao kuifuta hasara yao.

Huyo Thurgood Marshall ana habari inayotuhusu sisi wa Kenya. Mwaka 1960 alikuwa London katika mkutano wa katiba ya Kenya, akiwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika, akaandika rasimu ya haki za raia. Alitaka haki hizo ziwalinde hata watu wachache, Wazungu na Wahindi wakiwamo. Mtu aliyetumia maisha yake kudai deni kwa wakubwa wa kwao alijua kwamba anayedai leo aweza kuwa mdeni kesho.

Basi siku utakapomsikia mkubwa akihubiri uaminifu huku mkono wake umepokea rushwa, vishawishi viwili vitakujia. Kimoja kitakuambia umsamehe kwa utamu wa maneno yake. Cha pili kitakuambia kwamba uaminifu wenyewe ni uongo, na wewe ule kama alavyo yeye. Vikatae vyote viwili. Litwae neno lake, uishi kwalo, kisha umdai alitimize, kwa kuwa dawa ya deni ni kulipa. Na siku ile wewe utakaposimama kusema mbele ya watu, kumbuka kwamba yupo anayeyasikia maneno yako na kuyaweka. Siku moja atakuja kuyadai.