Kukosoa kwa Kujenga, Kukosoa kwa Kubomoa

Katika mikutano ya parokia zetu twaona mara nyingi jambo hili. Mtu anasimama na kutoa wazo jipya: wimbo alioutunga, au shauri kwa ajili ya vijana. Kabla hajaketi, wengine wanacheka, wengine wanaulizana, “Huyu ni mtoto wa nani? Wa kabila gani?” Wimbo haujaimbwa hata mara moja, na tayari umekufa. Siku nyingine mtu huyo hasimami tena, na vijana waliomwona hujifunza kunyamaza.

Je, tusikosoe basi? Sivyo. Wazo jipya laweza kuwa na kosa, na kuficha kosa si mapendo. Lakini anayejenga hulitazama wazo lenyewe: huonyesha palipopunguka, hutoa sababu, kisha hubaki kusaidia. Anayebomoa humtazama msemaji, humwaibisha, kisha huenda zake.

Tutazame mfano wa Kanisa letu la Kongo. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, maaskofu wetu, kati yao Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa, walitaka Misa yenye sura ya Afrika: watu wacheze kwa ibada mbele ya Mungu, na wahenga wenye moyo mnyofu watajwe pamoja na watakatifu. Wengine waliogopa imani isije ikachanganywa na mambo mengine. Swali hilo halikuwa baya, maana lilihusu jambo lenyewe, nalo lilitaka jibu. Miaka mingi Roma na maaskofu waliulizana na kujibizana. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali kitabu hicho, nacho kiliitwa Misale ya Roma kwa Majimbo ya Zaire: sura ni ya kwetu, umoja ni wa Kanisa zima. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko mwenyewe aliisoma Misa hiyo katika Basilika ya Mtakatifu Petro.

Hapa Ituri neno hili ni zito zaidi. Vita iliyoanza mwaka wa 1999 ilituonyesha mwisho wa kumpima mtu kwa kabila lake. Tukilikataa shauri kwa sababu ya ukoo wa aliyelileta, twapoteza shauri, na chuki twaipanda upya.

Basi, ndugu akisimama, tumsikilize mpaka mwisho. Tukiona kosa, tumwambie: “Hapa pamepunguka, ndugu. Njoo tupatengeneze pamoja.”