Jawabu Lisilo na Sanadi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mnunuzi wa vito hapa Voi akiletewa jiwe la kijani kutoka machimbo ya Kasigau, hatoi fedha kwa uzuri wa rangi yake. Hulielekeza penye mwanga, hulitazama kwa kioo cha kukuzia, na huuliza limetoka wapi. Kwani kipande cha chupa nacho ni kijani, nacho hung'ara. Wala hatumwiti mtu huyo mbishi. Twamwita mjuzi wa kazi yake.

Basi yatustaajabisha kuwa hadhari hii tunayo katika mawe, na katika dini hatunayo.

Juzi, baada ya Maghribi, kijana mmoja wa darasa yetu alitusomea Hadithi aliyopewa na akili mnemba katika simu yake. Maneno yalikuwa mazuri, na chini yake pametajwa Sahihi Bukhari pamoja na nambari. Tulipofungua kitabu tulikuta kwenye nambari ile Hadithi nyengine kabisa, na maneno yale tuliyatafuta tusiyaone. Kijana akasema: "Lakini imetaja kitabu!"

Ndugu zetu, chombo hiki kimelishwa maandiko mengi mno ya watu, nacho hukisia neno lipi laelekea kufuata neno lipi. Mara nyingi hupata. Lakini kinapokosa, hukosa kwa ufasaha ule ule. Mwaka 2023 huko New York mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hukumu zilizotungwa na chombo cha namna hii, nazo hazikuwako duniani. Ikiwa wasomi wa sheria wameteleza, watoto wetu je?

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Hujurat tuhakikishe khabari kabla ya kuitenda, na katika Suratul Israa ametukataza kufuata tusiyoyajua, kwani masikio, macho na moyo vitaulizwa. Ndiyo maana Imam Bukhari, aliyekufa mwaka 256 Hijria, hakupokea Hadithi kwa utamu wake, bali aliwapima wapokezi wake mmoja mmoja. Jawabu la simu halina mpokezi wa kupimwa.

Wako watakaosema: basi simu zitupwe. Sisi hatusemi hivyo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Sahifa huko Mombasa mwaka 1930, alikitumia chombo cha zama zake kuziamsha akili za watu. Ubaya ni kukiachia chombo kitufikirie.

Na tuseme kweli, ijapokuwa chungu. Ni nani aliyemzoeza mtoto kupokea jawabu bila ya dalili? Ni sisi. Akiuliza chuoni "kwa nini?", huambiwa hana adabu, akihifadhi asichokifahamu, husifiwa. Kisha twalalamika kuwa ameikimbilia simu, nayo haimkemei! Tumepinga miaka mingi taqlidi ya kufuata watu kibubusa, na sasa twalea taqlidi ya mashine. Hata mtaala wa shule za Kenya umeweka kufikiri kwa makini kuwa mojawapo ya umilisi wake saba. Je, vyuo vyetu vya Qurani vibaki nyuma?

Yatupasa basi kila mzazi na kila mwalimu amfundishe mtoto kuuliza mambo matatu: Nani amesema? Ameyatoa wapi? Dalili yake ni ipi? Na aanze kwa kuyakubali maswali hayo yeye mwenyewe. Mwalimu asiyejua na aseme "sijui, natutazame kitabuni." Imam Malik alijulikana kwa kusema sijui, wala hakupungukiwa na heshima, na neno hilo ni zito mno kwa mashine.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki atujaalie kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili atujaalie kuiepuka. Amin.