Pompi Mpya, Bloku Kuukuu

Kisa hiki nimekitunga kwa vijana wa gereji, ila hakuna kipande chake ambacho mtu wa Makiso, Kisangani, atakistaajabia.

Mwenye lori kuukuu la dizeli alikuwa akileta Kisangani mchele na mawese kutoka barabara ya Buta. Pompi ya maji ikaanza kuvuja kwenye shafti. Ya aina ile mjini haikuwapo, na ya Kinshasa ingebidi ipande mto zaidi ya kilomita 1,700. Akapata nyingine dukani, mpya, ya injini tofauti.

"Fundi, hii itaingia?"

"Itaingia, papa, tukiisaidia kidogo."

Msaada huo ndio ulioua injini. Matundu mawili ya bolti hayakulingana, fundi akatoboa mengine kwenye bloku, na njia ya maji akaipanua kwa grenda. Sasa, ukuta wa bloku si mnene kila mahali. Nyuma yake yanapita maji. Tundu la pili likatokeza humo. Akaliziba kwa kuchomelea, bila kuipasha bloku moto kwanza wala kuiacha ipoe polepole. Chuma cha kusubu hakistahimili hayo: hupasuka kando ya mshono, na ufa wake mara nyingi macho hayauoni.

Kulikuwa na kosa baya zaidi. Pompi ile iliundwa kuzungushwa na mgongo wa mkanda, kinyume cha mzunguko wa injini, na mabawa yake yamepindwa kufuata upande huo. Kwenye lori ikazunguka kinyumenyume. Haikuvuja, ilisukuma maji kwa unyonge tu. Mjini geji ilitulia. Kupita Bengamisa, na mzigo, kwenye tope, ikapanda hadi mwisho; ufa ukafunguka, maji yakaingia kwenye oili, injini ikakwama.

Fundi angeweza kukata bamba la chuma, akaliweka kati ya pompi na bloku, lenye matundu ya pande zote mbili na gasketi mbili, kisha akapanga puli ili mkanda ukae sawa. Bamba likiharibika hukatwa jingine. Lakini bamba haligeuzi mabawa: hayo hukaguliwa dukani, kabla ya kulipa.

Pompi ya zamani ilipofunguliwa, kilichokuwa kimeisha ni beringi na sili tu.