Je, Baba Analazimika Kuuza Vyote ili Mwanawe Atibiwe Ulaya?

Mtoto wa miaka 12 hawezi tena kupanda kilima kutoka kisimani. Pumzi humwishia njiani, usiku hulala ameketi, miguu imevimba. Mganga wa hospitali amesikiliza kifua chake, akasema: mlango mmoja wa moyo umeharibika, haufungi vizuri, na hapa hapana awezaye kuutengeneza. Wenye elimu katika ukoo wanataja Louvain, katika Ubelgiji, mji wenye chuo kikuu tangu mwaka 1425 na hospitali kubwa ya chuo. Wengine wanataja Uhindi. Ndipo baba anahesabu: shamba la mihogo, mbuzi, mabati ya nyumba, karo ya wadogo wanne. Akiuza vyote na kukopa, labda zitatosha. Naye mjomba amesema mbele ya watu: apendaye mbuzi kuliko mwana si mzazi.

Je, asipouza, atenda dhambi?

Uzima ni amana ya Mungu. Kwa hiyo mwenye uwezo, akimnyima mwanawe dawa kwa choyo, amekosa sana, wala hana udhuru. Lakini wajibu huo una mpaka. Tarehe 24 Novemba 1957 Baba Mtakatifu Pio XII, akiwajibu waganga, alifundisha kwamba mtu hulazimika kutumia njia za kawaida tu, kadiri ya hali ya watu, mahali na nyakati. Yaani zile zisizomtwika yeye au mwingine mzigo wa kupita kiasi. Atakaye kufanya zaidi ana ruhusa, mradi asivunje wajibu ulio mkubwa kuliko huo. Maneno «au mwingine» yasipitwe upesi. Wale wadogo wanne nao ni wengine.

Basi mjomba amekosea. Tena hakutoa hata mbuzi mmoja wa kwake.

Liko swali ambalo ukoo hauulizi: baada ya kupasuliwa itakuwaje? Wengi huwekewa mlango mgumu uliotengenezwa na watu, nao hudai dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, mpaka kufa. Dawa ikizidi, damu hutoka ovyo. Ikipungua, damu huganda na kuziba mlango ule au mishipa ya ubongo. Kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara. Ikiwa mahali pa kupimia ni mwendo wa siku tatu, nani atampeleka? Safari ya Ulaya ina mwisho, hii haina. Mganga aombwe aieleze hesabu hiyo bila kuficha. Mtoto naye aulizwe. Ana miaka 12, anaelewa.

Wala si lazima kila tiba ivuke bahari. Chuo cha Louvain kilisaidia kuanzisha Lovanium mwaka 1954 katika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, ili waganga wasomeshwe hapa hapa. Daktari Denis Mukwege alisoma Angers, katika Ufaransa, akarudi, akaanzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, mwaka 1999. Maelfu ya wanawake waliojeruhiwa wametibiwa humo.

Na ugonjwa huu wa moyo, kwa watoto wa kwetu, mara nyingi huanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa, ambayo penisilini ya dispensari huyaponya. Wadogo wanne wanalala mkeka mmoja na mgonjwa. Koo likiwauma, wapelekwe siku ile ile, hata kabla baba hajaamua neno juu ya shamba.