Je, Chombo Kizee Kitupwe?

Wazee wetu walituachia methali mbili juu ya vitu vipya. Ya kwanza yasema: Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ya pili yasema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Zote mbili zatuonya tusikimbilie upya. Nasi, wasomaji wapenzi, kwa muda mrefu tulizitumia methali hizo kama ngao yetu. Leo twataka kueleza jinsi ngao hiyo ilivyotudanganya.

Katika chumba cha makatekista, hapa Kalemie, iko kompyuta moja ya mezani ya mwaka 2002. Ilikuja kwa mashua kutoka ng'ambo ya ziwa, ikiwa imekwisha tumika. Inaendeshwa na Windows XP, ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Ndani yake mtangulizi wetu aliandika majina ya wabatizwa wa miaka mingi, kwa programu ndogo ya zamani zaidi, ya siku za DOS. Programu hiyo hukataa kabisa kufunguka katika kompyuta mpya.

Basi tuliitunza mashine hiyo kama mtu atunzavyo baiskeli ya baba yake. Betri yake ndogo ya duara ilipokufa, nayo ikaanza kusahau tarehe kila asubuhi, tuliibadili. Kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 128. Fundi akaifikisha 512 kwa kipande alichokitoa katika mashine iliyokufa. Vumbi tulilipangusa kwa brashi. Hatukuiunganisha na intaneti, maana mashine isiyopata tena marekebisho ni kama nyumba isiyo na komeo.

Je, tulifanya vema? Twaamini ndiyo, na sababu tunazo. Risasi nyeupe inayounganisha viungo vya kompyuta hufanywa kwa bati, na vipande vingine vidogo hufanywa kwa madini yatokayo katika koltani. Manono, katika mkoa wetu huu wa Tanganyika, watu huchimba bati na koltani hizo kwa jasho. Anayeitupa mashine nzima bado, huitupa na kazi ya mikono ya jirani yake. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliukemea utamaduni huo wa kutupa. Tena jambo hili si la maskini peke yao. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi zenye afya haziwezi kupokea Windows 11 kwa kukosa tu vipande inavyovidai. Nyingi kati ya hizo zingefanya kazi miaka mingine kwa Linux, ambayo hutolewa bure.

Na ziwa letu lenyewe latufundisha. Meli Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande hata Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Katika miaka ya 1970 mashine zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Mwili ni ule ule, moyo ni mwingine. Na abiria na mizigo yao wakaendelea kufika.

Tulipenda sana kuusimulia mfano huo. Lakini tulisahau neno moja: meli hutunzwa kwa ajili ya abiria.

Siku moja alikuja msichana kuomba cheti cha ubatizo, maana alikuwa karibu kufunga ndoa. Kitabu cha miaka yake kilikuwa kimelowa mvua, kurasa zimeshikana. Mama yake amekwisha kufa, na mama wa ubatizo alihama zamani, hajulikani alipo. Tukamwambia, "Usiogope, mwanangu, jina lako limo katika mashine." Tukabonyeza. Mashine ikanguruma kidogo, ikatoa sauti ya kugonga-gonga, ikanyamaza. Diski yake ilikuwa imeharibika.

Fundi alikuwa amekwisha tuonya mara mbili tufanye nakala. Nasi tulimjibu kwa majivuno kwamba mashine yetu ni imara kuliko hizo zao za siku hizi. Kwa wiki tatu msichana yule alikuja na kurudi. Posa imelipwa, wakwe wanauliza. Mara ya mwisho alitutazama akasema, "Mwalimu, kwani mimi sikubatizwa?"

Hatukuwa na jibu. Tulijiona walinzi wa amana, kumbe tulikuwa walinzi wa sanduku.

Fundi aliitoa ile diski, akaifunga kwa waya katika mashine yake, akafanya kazi usiku mzima. Alipata sehemu kubwa ya majina, na la msichana likiwamo. Kisha akatuonyesha jambo ambalo hatukulijua: iko programu iitwayo DOSBox, ambayo hujifanya kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Programu ya mtangulizi wetu, iliyokataa kila mashine, ilifunguka mle mara moja. Tungaliweza kuihamisha tangu miaka mingi. Hatukutafuta, kwa sababu tuliupenda uzee wa chombo chetu kuliko kazi yake.

Twafundishwa nini? Watu wawili huonekana kama maadui: yule atupaye kila kizee, na yule akumbatiaye kila kizee. Lakini kosa lao ni moja. Wa kwanza hamkumbuki aliyeyachimba madini. Wa pili hamkumbuki anayengoja mlangoni. Wote wawili wanakitazama chombo, wala hawamtazami mtu. Kwa hiyo, kabla ya kutupa au kutengeneza, yatupasa kuuliza: ni nani anayekitegemea chombo hiki, na itakuwaje kwake siku kitakapokufa? Mwenye kuuliza hivyo atatengeneza kwa bidii, na pia atafanya nakala. Hataona aibu kuongeza kipande kipya, wala hatalia chombo kitakapofika mwisho wake, maana amana itakuwa imekwisha kuhamia mahali pengine.

Kompyuta yetu bado iko mezani. Tumeipa diski nyingine, nayo hutuandikia orodha za wakatekumeni. Lakini haiko peke yake tena. Majina yamo pia katika kompyuta ndogo ya Padri, na tumeyachapa katika karatasi, tukazishona kuwa kitabu, Padri akatia sahihi.

Yule msichana alifunga ndoa, mwezi mmoja baada ya siku aliyoipanga. Kama ilivyo desturi, ndoa yake iliandikwa pembeni mwa jina lake la ubatizo. Safari hii tuliiandika mahali patatu.